Sinia la Pilau Juu ya Ziwa Lililoganda

Najua hapa Ibra mnanicheka, na wapo wanaosema nilivuliwa kama samaki, basi naandika mwenyewe, maana aibu ni yangu na mdomo ni wangu. Nilivuliwa kweli. Lakini skizeni kwanza.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, nimekuja huku Omani kutoka Unguja na shati moja, na miaka ya themanini inaanza nilikuwa na kiwanda cha barafu Sur na magari mawili ya kushusha mapande Ibra na Mudhaibi (mliokunywa sharubati baridi siku zile, mumshukuru nani?). Nikenda Uswidi kwa dada yangu Zuwena, kumposea mwanangu Saidi binti yake, muuguzi, na binti mwenyewe radhi, ila baba yake, shemeji yangu Nasoro, akaniambia, "Kesho twende tukavue. Tukirudi nitakupa jibu."

Ziwa lote limeganda, watu wametoboa matundu, kila mtu na kigoda chake na mshipi wake, mbali na mwenziwe. Nasoro akatangulia, anaipiga barafu kwa mtaimbo.

"Pita nilipopita, shemeji. Baridi inamalizika, barafu imeshakuwa nyembamba. Watu wasikusanyike pahala pamoja, na ikilia, lala kifudifudi utambae urudi ulikotoka."

"Nasoro, barafu unanifundisha mimi?"

Mchana ukafika. Zuwena katufungia sinia zima la pilau, na Nasoro anataka tugawane kwenye visahani, kila mtu ale kwenye tundu lake kama wagonjwa wa hospitali! Nikatandika mkeka, nikaweka sinia katikati. Mzungu wa tundu la jirani akawa ananitazama, sasa mtu anakutazama unakula usimkaribishe? Nikampungia mkono, akaja. Wa pili akaja na mbwa wake. Kila anayekuja nasimama kumpa mkono, na wao kwa adabu wanasimama, halafu sote tunakaa kwa kishindo (na mimi nilikuwa kilo mia na ushee).

Walipofika tisa, Nasoro akapiga kelele kutoka kwenye tundu lake, "Shemeji, watawanye!"

"Ngoja wapate nyama kwanza!"

Ikalia. Mnajua pande la barafu linavyolia ukilimwagia maji moto? Basi ziwa zima! Wazungu wote wakalala kifudifudi, wakatambaa kila mmoja upande wake, hata mbwa, nikabaki mimi nimesimama na sinia mikononi, kwani nani ataacha sinia la dada yake lizame? Nikazama mimi, mpaka kifuani.

"Liachie, ushike kamba!" Nasoro kalala kwa tumbo, kanirushia kamba.

"Limebaki nusu nzima!"

"Utakufa, bwana wee!"

Nikaliachia. Wanne wakanikokota juu ya barafu, suruali ikabaki majini, watu wa ziwa zima wanatazama. Nyumbani nguo zangu zote Zuwena alikuwa kazifua, bado mbichi, na za Nasoro hazinipiti mabega, nikavishwa gauni la kulalia la dada yangu, la maua. Ndivyo nilivyokaa mbele ya binti niliyekuja kumposa.

Nasoro hakucheka. "Mwanangu simtoi, shemeji. Jambo moja tu nimekwambia, na wewe ukafanya karamu juu yake. Nimpeleke kwenye nyumba ya mtu asiyesikia?"

Aibu ya gauni nishaimeza. Ya Saidi bado, mwaka mzima hakunisemesha, na haki alikuwa nayo.

Basi nakubali: barafu naijua ikiwa ndani ya gunia, ya ziwa sikuijua, na mwenye kuijua akisema tawanyikeni, mtawanyike, sinia mliache. Juu ya ziwa sitii mguu tena. Lakini kula huku mtu ananitazama, hilo sitoliweza hata nikose wakwe kumi. Ningewaita wale wale, wote tisa na mbwa, ila ningewaita nchi kavu. Na nyinyi mnaocheka, chekeni, mmoja wenu asimame aseme hajapata kula kwangu.