Mchoraji wa Jikoni kwa Mama

Mchoraji tuliyemwita atupangie jikoni upya, nyumbani kwa mama huko Barani, hakupima kitu mara moja tu. Alivuta futi kutoka mlangoni hadi dirishani, akainong'ona namba, akavuta tena, ndipo akaandika. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vimepauka kwa chaki, na sauti yake ilikuwa ya chini hata ikakulazimu uache shughuli yako umsikilize. Kila alipofika alimwamkia mama shikamoo, kisha akamwomba ruhusa kabla ya kugusa hata sufuria.

Mimi nilitaka kila kitu kihame: jiko la gesi liende dirishani, sinki ije mlangoni, ukuta wa stoo uvunjwe. Mama hakutaka. Siku ya tatu tukafokeana mbele ya mgeni. "Kahonzi, jikoni kwangu hakuhamishwi kitu!" Nikanyamaza kwa hasira. Mchoraji hakuingilia. Alikuwa akimtazama mama akimimina chai, kidole amekitia ndani ya kikombe. Chai ilipomuunguza ndipo akaacha kumimina.

"Mama," akauliza taratibu, "ni tangu lini?"

Mama akaliweka birika chini. "Tangu Pasaka. Ni kiza tu sasa. Nakuomba, mwanangu, Kahonzi asijue. Ametoka, sivyo?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua mbili tu. Mchoraji akanitazama. Akaikunjua ramani yake, akachukua kifutio, na polepole akalirudisha jiko mahali pake pa zamani.