Kufunga kwa Mpasua Mawe

Siku ya kwanza mpasua mawe alimpokea muuguzi kwa teke la tumbo. Muuguzi alikuwa anabandua bendeji kwenye mguu wa kisukari uliooza unyayo, na mzee wa watu hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Lugha yake pale wodini ilijulikana na simu ya muuguzi peke yake.

Simu ikawa mkalimani, mateke yakapungua. "Babu, ukinipiga tena nakudunga sindano butu," alimwambia, na simu ilipotafsiri mzee akacheka mpaka akapaliwa.

Siku ya nne daktari akaamua kukisafisha kidonda kesho yake kwa upasuaji. Wakichelewa, mguu wote unakwenda. Muuguzi akaisemesha simu: "Kesho ni kufunga, babu. Kuanzia alfajiri mpaka daktari amalize."

Mzee akaganda. Mara akaing'oa dripu, damu ikaruka ukutani, akaikamata stendi yake ya chuma. Pigo la kwanza liliisambaratisha simu. La pili lilimpata muuguzi mdomoni, akatema meno mawili sakafuni. Wahudumu wawili wakamrukia mzee. Mmoja akavunjwa kidole.

"Mfungeni huyo mwehu!" mlinzi alifoka. Wakamfunga mikanda kitandani, akinguruma na kujitupa mpaka ngozi ya mikono ikachunika.

Jioni binti yake akamkuta hivyo. Wakasemezana kidogo kwa lugha yao, kisha akamgeukia muuguzi.

"Mmemwambia mtamfunga kamba, na mmemfunga kweli! Baba alikaa jela miaka sita. Kila alfajiri walimfunga kwenye nguzo wakamchapa."

"Nilimwambia asile, dada," muuguzi alijibu kwa mdomo uliovimba.

"Si ungesema asile!"

Muuguzi hakuomba radhi wala hakudai kuombwa. Alitoa masharti: mikanda inatoka sasa hivi, mzee hali kitu, akiinua mkono, mikanda inarudi. Binti akatafsiri, kisha akaleta jibu.

"Anataka usimame pale anapokuona, mpaka dawa ya usingizi imchukue."

"Nitasimama. Ila hiyo stendi ikae mbali."

Mzee alitoka chumba cha upasuaji na mguu wake, bila vidole vitatu, na michubuko mipya ya mikono juu ya makovu ya jela. Muuguzi alibaki na pengo, na tangu hapo neno "funga" halitamki tena. Husema "usile, usinywe", hata kwa mgonjwa anayejua Kiswahili kumzidi yeye.