Mstari Mmoja Aliokubali Kuubadili

Amefariki wiki hii, kwa malaria na si kwa risasi, yule mama wa mtaa wa Ngezi aliyekuwa akipanga vitabu kwa kompyuta. Nilikwenda matangani, na kabla hata jeneza halijafika nikasikia mtu akinong'ona nyuma yangu: «Ule mama alikuwaka wa pande mbili.» Naandika safu hii ili nimjibu mtu huyo, wala sitamjibu kwa kunong'ona.

Wakati wa vita, mji ulipokuwa mikononi mwa wenye bunduki, mama huyu alitayarisha kitabu cha kujifunzia kusoma kwa watoto waliokimbia kutoka Djugu. Kila somo lilikuwa katika lugha mbili, ya jamii hii na ya jamii ile. Sitazitaja, kwani msomaji wa Bunia anazijua. Hakufanya kama makarani wetu, wanaohangaika na ukubwa wa herufi kabla ya kuwa na la kusema. Aliandika maneno matupu, na kila kipande akakiwekea alama: hili ni somo, hili ni neno la lugha hii, hili la lugha ile. Sura ya kurasa ilikaa katika faili nyingine. Programu huria, zisizouzwa wala kudai ruhusa ya mtu, zilisoma faili zote mbili na kutoa PDF iliyo tayari kuchapwa. Wazazi wa kila upande walipokataa kitabu kinachotanguliza lugha ya wenzao, hakubishana nao. Alibadili mstari mmoja katika faili ya sura, zikatoka PDF mbili: maneno yale yale, kila upande ukianza na lugha yake. Ndipo alipobandikwa jina hilo la pande mbili.

Kisha akaja kamanda. Nilikuwapo kwake, nikingoja anichapie karatasi zangu.

«Mama, ile luga ya batu bale, toa yote.»

«Chef, unataka herufi kubwa? Nitakupa. Luga yako mbele? Iko mbele tayari. Ganda ya kitabu ya rangi nyekundu? Hata ile.»

«Minasema toa!»

«Ile sitoe. Ile haiko sura, ni maneno ya batu.»

«Weye unajua unasema na nani?»

«Na baba mwenye mutoto yake iko anasoma mu kitabu yangu.»

Kamanda akabeba kompyuta. Kitabu hakukibeba, kwa sababu maandishi matupu ni mepesi: yote yalikuwa kwenye disketi ndani ya mkunjo wa kitenge cha mama, na programu alikuwa amekwisha kuzigawa kwa kila aliyeomba. Akaazima kompyuta ya parokia, akatoa tena PDF zote mbili, neno kwa neno. Watoto wakasoma.

Mtu wa pande mbili ni yule anayebadili maneno kulingana na anayemsikiliza, na wa namna hiyo tunao wengi, tena wenye viti vya mbele. Wanagombania jina la nani litangulie kwenye mkataba wa amani, huku wakifuta watu waliomo ndani yake. Mama huyu alikubali kubadili ukurasa kwa ajili ya yeyote, na maneno hakuyabadili hata kwa mwenye bunduki.

Makaburini ulizuka ubishi: sala ianze kwa lugha ipi? Binti yake akapaza sauti: «Siye tutaomba mara mbili.» Tukaomba mara mbili, na yule aliyenong'ona akasimama kofia mkononi mpaka amina ya pili. Mpe mwenzako nafasi ya mbele akiitaka. Usimpe kamwe ruhusa ya kumfuta mwingine.