Kasereka Mumoja Tu?

Mwanangu, weka kwanza ile telefone chini. Jana umeniletea code ya kuandikisha bagonjwa ba dispensaire, uliyopewa na ile mashini ya kujibu maswali, unashangilia kama mutu aliyeokota mbuzi barabarani, na mimi sikukupigia makofi. Usizani nilikasirika. Nilikuwa nimeshaenda mbali, nakumbuka siku moja ya mvua, hapa hapa Butembo, wakati nilikuwa ningali musichana na magoti hayajaanza kunisumbua.

Ilikuwa ile miaka batu ba vijiji balikuwa banakimbia vita. Jamaa moja inalala fasi tatu: baba Bungulu kule Beni, mama Butembo, batoto Mungu ndiye anajua. Sisi vijana ba paroisse, parokia yetu, tulitengeneza site ndogo ya internet ya kutafutana, chini ya Mwalimu Paluku aliyetufundisha informatique, kazi ya mashini za ordinateur. Kila fasi penye batu bamepokelewa, katekista anaandika kwa telefone yake: jina la mutu, fasi aliko, na neno lolote alilosema. Mwenye kutafuta anakuja kwetu, tunaandika jina, mashini inatuonyesha. Kazi ndogo, lakini tuliipenda sana.

Shida ilikuwa moja. Mutu mumoja alikuwa anaandikwa mara nyingi, leo na katekista, kesho na shangazi yake, ecran, kile kioo cha mashini, inajaa. Basi Kambale, kijana niliyefanya naye kazi, akatafuta kwenye internet akapata code fupi, mistari michache tu: soma jina, kama jina limeshaonekana, liruke, kama bado, lionyeshe. Copier-coller, kunakili na kubandika! Akajaribu, ecran ikawa safi kama sahani ya mugeni. Tukapiga makofi. Mwalimu alikuwa ameenda Luofu kuona mashamba ya kwao, kwa hiyo hapakuwa na wa kutuuliza swali.

Asubuhi ile ya mvua akaingia mama mumoja, nguo zimemushika mwilini, motard wa pikipiki anamungojea mulangoni na moto yake inanguruma. Batu balimuita Mama Mumbere, kwa jina la mutoto wake wa kwanza. Alikuwa amefika Butembo na bana babili. Wa tatu alipotea njiani siku ya kukimbia.

«Banamuita Kasereka,» akasema. «Iko mudogo, hata meno hayajabadilika. Muniangalilie, batoto bangu.»

Kambale akaandika. Mashini ikajibu mara moja: Kasereka, muzee, iko Bungulu kwa mukwe wake. Basi. Mwingine hapana.

«Pole, Mama. Hapana yeye.»

«Hakuna kitu,» akasema polepole. «Donc minarudi kule kijijini. Banasema batu bengine bangali banajificha mu mashamba ya kahawa. Labda iko kule.»

Kule! Mwanangu, kule hata askari balikuwa hawapiti bila kutazama nyuma. Roho ilinipasuka. Nikamushika mukono, akajitoa polepole.

Akafika mulangoni, akageuka. Hakuwa na hasira. Alitutazama tu namna mutu anatazama batoto waliochota maji na kikapu.

«Mais, batoto, Kasereka ni mumoja tu? Kwetu Banande bote? Mama mwenye alizaa banaume batatu, ule wa tatu banamuita nani?»

Wewe unacheka, kwa sababu unajua. Hakuna aliyekufundisha, umelinyonya pamoja na maziwa. Kwetu batoto banaume banaitwa kwa zamu ya kuzaliwa: Mumbere ao Paluku anafungua njia, Kambale anafuata, Kasereka ni wa tatu. Mimi ni Masika kwa sababu nilikuwa binti wa kwanza, nenda sokoni uite «Masika!» uone vichwa vingapi vitageuka. Na mutoto mudogo aliyepotea, ukimuuliza jina, hakupi la ubatizo wala la babu yake. Anakuambia Kasereka, kisha analia. Sisi bote mule ndani tulijua hayo. Lakini tulipoketi mbele ya mashini, sijui, ni kama tuliacha kwetu inje pamoja na viatu.

Kambale akaruka kwa kiti. «Mama, ngoja! Masika, ambia motard azime moto!» Akafungua code, akaisoma kwa sauti, kidole juu ya ecran. «Kama jina limeshaonekana, liruke... Eh, Nyamuhanga, Mungu wetu! Tumebaruka batu!»

Neema ni kwamba ile code ilikuwa inaficha tu, haikufuta. Kambale akaiondoa, na ba Kasereka bakajaa ecran mupaka chini. Akaanza kusoma mumoja mumoja, Mama Mumbere amesimama nyuma ya bega lake, maji yanamutiririka. Hapana. Hapana. «Ule iko na mama mwingine, Mungu amusaidie naye.» Hapana. Sauti ya Kambale ilikuwa imeanza kukauka alipofika hapa: «Kasereka, mutoto. Mutwanga, kwa mama mumoja wa kanisa. Anauliza nani ananywesha mbuzi yake ya masikio meupe.»

Mama Mumbere akaketi chini, pale pale kwenye simenti.

«Ndiyo, njo yeye! Ile mbuzi njo yake! Njo mutoto yangu, Yezu wangu, njo yeye!»

Tulilia bote, sina haya kukuambia. Hata motard, aliyekuwa ameingia kuuliza kama safari ingalipo. «Tunaenda, ndugu yangu,» mama akamuambia, «mais hapana kule. Tunaenda Mutwanga.»

Tukasikia moto inapotelea kwenye mvua. Ndipo tukaona Mwalimu Paluku ameegemea ukuta, matope ya Luofu kwenye buti zake. Sijui aliingia saa ngapi.  Kambale akafunga ordinateur.

«Mwalimu, miye minaacha. Nilichukua code ya benyewe, kidogo tu ningeua mama ya batu.»

Nilitegemea Mwalimu amuchape kwa maneno, maana ulimi alikuwa nao. Akavuta kiti akaketi karibu naye.

«Kambale, kwetu Luofu nani alizaliwaka na mbegu ya viazi mukononi? Tunaombana. Jirani anakupa, unapanda, hapana haya. Mais ile mbegu ya baridi, ukiishusha mu joto ya Mutwanga bila kuuliza, inaoza. Mbegu haina kosa. Jirani naye haina kosa. Mwenye aliandika ile code, pengine kwao Kasereka mumoja anatosha muji. Udongo ya hapa, ni weye unaijua.» Akamufungulia ordinateur. «Na kosa haitengenezwi na mutu mwenye ameenda. Kesho mama mwingine atakuja. Atakuta nani?»

Kambale akabaki. Yuko mpaka leo, mvi imemuingia, na code yoyote akipewa, kitu cha kwanza anaandika Kasereka, halafu Kasereka tena, halafu Kasereka tena, anatazama nani ataanguka, nani itamuruka.

Banasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nasema inaweza kusitiri, mradi uipime kabla ya kutoka nayo inje. Sasa turudi kwa code yako ya jana. Nimeisoma yote. Ni nzuri, sikudanganyi. Lakini inakataa mutu asiye na namba ya telefone yake mwenyewe. Bibi yako wa Mutwanga anapiga na telefone ya nani? Si ya mukwe wake, pamoja na nyumba nzima? Kwa hiyo siku bibi yako ataumwa, code yako itamufungia mulango wa dispensaire. Umeona? Usitazame chini, hapana aibu. Kuuliza si ujinga.

Omba code, mwanangu. Omba kwa mashini, kwa rafiki, kwa mugeni wa ngambo ya bahari. Lakini isome mustari kwa mustari mupaka uweze kuieleza kwa kinywa chako, kisha ipitishe kwenu: dada yako, bibi yako, yule mutoto anayejua jina moja tu. Akianguka mumoja wao, usiitupe na usikimbie. Keti, uitengeneze.

Nyamuhanga akupe macho ya kusoma na moyo wa kubaki. Na siku mama mwenye nguo za maji atasimama nyuma ya bega lako akitaja jina la mutoto wake, mashini yako imuitikie.