Sinema Isiyokuwa na Dijei

Tangu tumzike mama, baba yangu alibakiwa na maneno machache: karibu, funga mlango, sawa. Karakana yake ya kuchomelea mageti kule Dagoretti ilikuwa na kufuli kwa miezi minne. Dada yangu alishaamua: mwezi ukiisha tumpeleke Kitui, akakae na shangazi. Mimi nilijua mzee akienda huko akiwa bubu vile, hatarudi. Nilipokosa dawa nyingine nikamnunulia tiketi ya sinema.

Usinicheke. Nikiwa mdogo, Jumapili baada ya kanisa, alinipeleka kwenye kibanda cha video karibu na machinjio. Pale filamu haikuonyeshwa hivi hivi. Juu ya picha kulikuwa na sauti ya dijei akitueleza nani ni nani, akiwatukana maadui na kuwapa mashujaa majina ya mtaani kwetu. Baba alicheka mpaka akashika mbavu.

Basi Jumamosi mchana tukaingia ukumbi mmoja mkubwa katikati ya jiji. Taa zikazimwa, na roboti likatoka baharini. Goti lake peke yake lilikuwa refu kuliko ghorofa. Maji yalimwagika kutoka mabegani mwake muda mrefu, viti vyetu vikitetemeka. Kisha likaja dude lenye magamba, likang'oa daraja zima na kulitafuna. Nilishika kiti kwa woga, mtu mzima mwenye watoto wake.

Kuhusu hadithi, afadhali ninyamaze. Saa nzima ilipita na hatukujua dude linataka nini, wala waliomo ndani ya maroboti wanapendana au wanachukiana. Baba alikuwa akigeuka kutazama nyuma.

"Dijei anaanza saa ngapi?" akauliza.

"Hapa hakuna dijei, baba."

"Sasa nani atatuambia?"

Mbele yetu dude lilivunja roboti la pili katikati. Vipande vikazama polepole, moto ukiendelea kuwaka ndani ya maji, na ukumbi mzima ukaguna. Sijawahi kuona uzuri wa kutisha kama ule. Roboti la kwanza lilibaki limesimama kwenye mvua, likitazama maji.

Baba akakohoa.

"Huyu sasa amebaki peke yake," akasema, kwa sauti nzito ya dijei. "Walikuwa wanatembea wawili. Yule mwingine ndio alikuwa anajua njia."

Mwanamke aliyekaa mbele yetu akageuka. Nikajua tunafukuzwa.

"Mzee, ongeza sauti kidogo," akasema.

Akaongeza. "Ako na nguvu, anaweza ng'oa hata mlima. Lakini kupika hajui. Chumvi inawekwanga ngapi? Anaonja, anaonja tena. Hakuna mtu wa kuuliza."

Safu yetu yote ilicheka. Roboti na chumvi, wapi na wapi? Majumba yakaanguka, bahari ikapasuka, na baba akaendelea kusema mpaka taa zikawashwa. Kitui hakwenda.

Lakini mimi sikucheka na wenzangu. Jumapili zote tangu mazishi nilikuwa nimekula kwake ugali na mboga ya sukuma aliyopika bila chumvi, na kwa heshima sikuwahi kusema neno.