Vyungu vya Biubwa na Amri ya Jumbe

Barabara ya kutoka Kurui kwenda Kisarawe tuliilima sisi. Enzi za Mwingereza, kila masika yakiisha, jumbe alitutoa na majembe, bure, na Twalibu Matano alikuwa mbele yetu siku zote. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba barabara ile ilikuwa ya magari peke yake.

Twalibu alikuwa jirani yangu, mwembamba, mcheshi. Mkewe Biubwa alifinyanga vyungu, naye Twalibu akivipeleka sokoni Kisarawe kwa baiskeli, vimepangwa kwa majani makavu ya migomba ndani ya matenga mawili. Hawakuwa na riziki nyingine. Akishika kushoto kama sheria ilivyotaka, kwenye udongo mgumu, vyungu vilifika vizima.

Balaa lilikuwa lori la shamba la mkonge la huko Kibaha, lililokuja kuchukua mihogo ya chakula cha vibarua. Dereva wake, Hemedi, alipopewa usukani alidhani amepewa nchi nzima. Alipiga honi tangu mbali, akaja katikati, na Twalibu akalazimika kujitupa mchangani. Jioni Biubwa alifungua matenga akatoa vigae.

Siku moja Twalibu akakataa kuhama. Alishika kushoto kwake, akakanyaga taratibu, lori likimlilia mgongoni mpaka kijiji cha Masaki. Hemedi akaenda kumshtaki kwa jumbe, tukaitwa barazani.

Jumbe, ambaye alizoea kupanda lori hilo hilo, hakuuliza hata swali moja.

"Baiskeli zipite mtaroni. Nisikuone tena barabarani!"

"Lakini jumbe, mtaro ni wa maji."

"Unabishana na mimi?"

Niliinuka niseme, wenzangu wakanivuta kanzu nikae. Mtu mzima anafukuzwa kwenye barabara aliyoilima kwa mikono yake, aende akapite kwenye mfereji! Hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Twalibu hakubisha tena. Tulipoitwa kulima barabara, alianza kuufukia mtaro wa upande wa kushoto kwa udongo na kokoto, akiushindilia. Nikamfuata, na wenzetu wakafuata, mpaka ukawa juu kuliko barabara yenyewe. Jumbe akaja kuuliza ni wazimu gani huo.

"Tunatengeneza njia ya baiskeli uliyoamuru, jumbe," Twalibu akajibu kwa adabu.

Amri ilikuwa yake. Akageuka, akaondoka.

Vuli ilipoingia, maji yalikosa pa kupita, yakapanda barabarani na kuikata katikati. Lori la Hemedi likazama matopeni na mihogo yake, jumbe amekaa kando ya dereva. Twalibu akatokea na matenga yake, juu ya njia yake ngumu.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba. Twalibu, baba, njoo utusaidie kusukuma."

"Ningekuja, jumbe. Ila huko barabarani ulinikataza."

Akakanyaga, akaenda zake. Siku hiyo Biubwa hakutoa kigae hata kimoja.