Kurasa Arobaini na Mbili za Kitabu cha Mashetani

Jumapili, tarehe kumi na tano Juni, kabla ya adhuhuri, alikufa mume wangu. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka ishirini na tisa. Alikuwa fundi cherehani hapa Malindi, na alikuwa amebakisha kurasa arobaini na mbili za kitabu alichokuwa akinisomea.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha mashetani. Alikinunua kwa muuza vitabu vikuukuu karibu na soko, hakina hata jalada la nyuma. Ni habari za mwanamke anayeolewa na kuhamia nyumba ya ghorofa, kumbe mke wa kwanza, aliyekufa, bado anatembea huko juu. Milango yajifunga, sufuria zahama zenyewe. Mume wangu alinisomea kila siku baada ya chakula cha mchana, kabla hajarudi dukani, nami nikichambua mchele wa jioni. Yule marehemu aliposema, alimtolea sauti ya puani, ya kuvuta, mpaka paka akatoka nje.

"Wangesoma dua kabla ya kuhamia," nilimwambia, "wasingepata taabu hizi."

"Wangesoma dua, mama, kitabu kingeishia ukurasa wa kwanza."

Sikukipenda. Niliona ni upuuzi. Na siku aliposhikwa na kazi dukani asije kula, mchana ulikuwa mrefu, nikawa najiuliza yule bibi harusi amefungua mlango au hakufungua.

Alipokufa nikaingia eda. Kwetu mwanamke aliyefiwa hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hajitii manukato, hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Wiki ya kwanza watu walijaa. Kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake, nikabaki na nyumba. Nilichoka. Nililala nikaamka nimechoka vilevile.

Hapo ndipo nilipokikasirikia kitabu. Dini yangu naijua, na najua aliyekwenda harudi kugonga milango. Lakini nilikaa nikisikiliza. Kiti chake hakikulia. Bomba lilidondosha maji, nalo lilikuwa likidondosha tangu yeye yu hai. Yule aliyeandika kitabu aliijaza nyumba ya mfiwa makelele, na yangu ilikuwa kimya asubuhi hadi jioni. Nikaona amenidanganya. Hata hivyo nilikiweka chini ya mto, kikiwa kimekunjwa pale alipokunja yeye, wala sikukifungua. Zile kurasa ndizo kitu pekee tulichokuwa bado hatujakimaliza.

Dada yake ndiye aliyekuwa akiniletea chakula. Siku moja alikuja kunitandikia, akainua mto, akakiona.

"Wifi, hiki nini?"

"Cha nduguyo."

Akasoma nusu ukurasa amesimama, midomo ikimcheza. "Eda hukaliwa na Kurani, wifi. Watu wanakuombea rehema huku umelalia mashetani?"

Akakitia katika kapu lake la chakula. Nusu yangu ilimwona ana haki, na nusu ya pili haikuwa na nguvu ya kubishana. Alipotoka na kupiga kona ndipo nikasimama mlangoni na buibui langu mkononi, nikakumbuka kwamba sitoki. Siku nne alinitumia chakula kwa jirani. Nilidhani amekwisha kukichoma.

Siku ya tano akaja mwenyewe, macho mekundu. Akakitoa kapuni, akakiweka kitandani.

"Hukukichoma?"

"Nilikifungua nione ubaya wake, nipate la kukuambia."

"Ukauona?"

"Nimeuona wote isipokuwa mwisho. Yule wa juu, wifi, ni mke kweli au ni yule mtumishi anayejifanya mke?"

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni, na kifua kiliniuma. Nikamwambia sijui, kaka yake aliishia pale palipokunjwa.

"Basi tusome."

Sikutaka. Nilitaka pia. Nikamwambia asome yeye.

Alisoma vibaya, kidole chini ya mstari, akirudia maneno. Kisha marehemu wa kitabuni akasema, na wifi akamtolea sauti ya puani, ya kuvuta, ileile.

"Nyamaza," nikamwambia.

Akanitazama. "Nimekosea?"

"Hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Si ya baba? Ndivyo alivyokuwa akitutolea zimwi tukiwa wadogo. Mimi na kaka tulikuwa tukitishana kwayo." Akakishusha kitabu. "Na yeye alikusomea hivi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza aiache. Nilifikiri sana, machozi yananitoka, nikamwambia aendelee nayo.

Akazimaliza kurasa zote. Kumbe yule wa juu alikuwa mtumishi, hakuna aliyerudi kutoka kaburini, na nyumba inauzwa. Niliona ni mwisho wa mwandishi aliyechoka. Wifi naye alikasirika, akasema amekoseshwa usingizi siku nne kwa ajili ya mtumishi.

"Wewe umekipenda?" akaniuliza.

"Sijui."

Magharibi ilipokaribia nilimkumbusha aende kabla ya giza, maana yeye akaa ghorofani peke yake. Akatazama mlango, akatazama kapu lake.

"Leo sipandi zile ngazi, wifi," akasema.

Nikafungua kabati, nikatoa shuka safi.